Makutani: Habari za Kuta za Kilwa na Songo Mnara

Mtu aliyekulia Chikongola, katika mitaa ambayo ua wa nyumba husukwa kwa makuti au hufungwa kwa mianzi, na ambayo masika mawili yakipita ua huo hauna budi kufanywa upya, hushikwa na haya kidogo mgeni anapomwuliza ulipo ukuta wa kale wa mji wake. Maana Mtwara hii tunayoijua, kwa bandari yake na barabara zake pana zilizonyooka, ni mtoto wa ule mpango mkubwa wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, na majengo yake mengi yana umri ambao mzee mmoja aweza kuusimulia tangu msingi hata paa. Ni kweli kwamba jirani yetu Mikindani, ambako Livingstone alianzia safari yake ya mwisho mwaka 1866, ana nyumba zake za mawe na boma la Wadachi la mwaka 1895. Lakini ukuta ninaotaka kuueleza hapa ni wa namna nyingine na wa zamani zaidi: ni ule uliojengwa kuzunguka nyumba ya ibada, na makaburi yaliyo karibu nayo, na maskani ya watu wanaoishi kwa adhana yake, hata aingiaye mlangoni akajua kwa mguu wake, kabla ya kuambiwa na mtu, kwamba amekwisha kuingia mahali penye hukumu nyingine. Wa kwetu wa namna hiyo haupo Mtwara. Yapasa kupanda kaskazini, kuipita Lindi, kufika Nangurukuru na kugeuka kuelekea baharini mpaka Kilwa Masoko, na huko kuingia chomboni.

Mtaa mmoja wa magofu katika Kilwa Kisiwani huitwa Makutani. Wako wanaodhani jina hili ni ndugu wa makutano, mahali watu wanapokutana, na kwa sikio tu dhana hiyo haina kosa kubwa; walakini lugha yenyewe yasema wazi, kwani ukuta ukizidi mno kwa urefu na unene huacha kuwa katika kuta ukawa katika makuta, na mahali pa makuta ni Makutani. Wenyeji hawakupaita kwa jina la sultani aliyekaa pale, wala kwa jina la msikiti ulio jirani, bali kwa jina la kile kizingiti cha mawe kilichokuwa kikiwatenga walio ndani na walio nje. Mimi naliona jina hili kuwa ni shahada ya watu waliosimama nje.

Lakini ua wa kwanza wa Kilwa, kwa masimulizi ya watu wa Kilwa wenyewe, haukuwa wa mawe. Tarehe ya zamani ya mji huo, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, na masimulizi ya Kiswahili yaliyokusanywa baadaye, yanaeleza habari ya Mshirazi aliyefika kwa jahazi akakuta kisiwa kina mwenyewe, mtu mkubwa wa bara, naye akaomba kukinunua. Bei iliyotajwa ilikuwa nguo: vitambaa vya kutosha kukizunguka kisiwa chote. Mgeni akakubali, nguo zikatandazwa ufukoni, pande kwa pande, mpaka ncha ya mwisho ikagusa ya kwanza, na yule mwenyeji akazikusanya zote akaenda zake bara. Wanahistoria wa leo hawaichukui habari ya Washirazi kama hati ya mauziano, na ushahidi wa ardhini umewaonyesha kwamba miji ya pwani ilikuzwa na watu wa pwani wenyewe, waliokuwa wavuvi na wakulima na wafua chuma kabla ya kuwa wajenzi wa mawe. Hata hivyo nani aliyesikiliza kisa hiki vizuri asiyekumbuka nguo inayotandazwa juu ya kaburi la mwanamke wakati maiti inapoteremshwa, au pazia la mlangoni linalomzuia mgeni pasipo kumgusa? Kwa watu wetu nguo ni ukuta kamili. Na mtungaji wa kisa, yeyote aliyekuwa, alijua kwamba mpaka ulio halali ni ule ambao jirani ameulipwa na ameridhia.

Kisa hakikomei hapo, na uaminifu wataka tukimalize. Kisiwa siku zile kilikuwa kikiungana na bara maji yakitoka, na yule mwenyeji, baada ya kukaa kwake bara na kutafakari, alikusudia kurudi kwa vita bamvua ikikupwa. Wale wageni wakatambua nia yake, na kwa riwaya moja wakachimba mkondo hata maji yakawa hayatoki tena, na kwa riwaya nyingine wakasoma Kurani na kutoa sadaka, bahari ikakataa kukauka. Basi ua wa nguo ukafuatiwa na ua wa maji. Wa kwanza ulikuwa wa mapatano, na wa pili ulikuwa wa hofu. Tangu siku hiyo, nionavyo, kila ukuta uliojengwa Kilwa umebeba mambo hayo mawili pamoja.

Ni vizuri kulinganisha na yaliyokuwa yakitendeka mbali nasi katika zama zile zile. Katika mji wa Exeter, Uingereza, mwaka 1283, mkuu wa waimbaji wa kanisa kuu aliyeitwa Walter Lechlade aliuawa gizani akitoka katika sala ya usiku, kwa sababu ya fitina iliyokuwa baina ya askofu na wakubwa wa kanisa lake. Na mwaka 1286 Mfalme Edward I akatoa idhini ya kuuzungushia uwanja wa kanisa hilo ukuta na milango ya kufungwa usiku. Huko Salisbury idhini ya namna hiyo ilitolewa mwaka 1327, na mwaka 1331 mfalme akawapa watu wa kanisa mawe ya kanisa lao la zamani, lililokuwa juu ya kilima cha Old Sarum, wayatumie katika ujenzi na katika kuuzungusha ukuta, hata leo mtu apitaye hapo aweza kuona jiwe lililochongwa kwa ajili ya nyumba moja ya Mungu likiwa limelazwa ukutani kuilinda nyingine. Mwaka huo huo wa 1331 Ibn Battuta, mtu wa Tanja, alitia nanga Kilwa, akampata Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye kwa ukarimu wake watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, na ambaye ndiye aliyejenga jumba la Husuni Kubwa juu ya jabali la bahari na kuupanua Msikiti Mkuu kwa nguzo na kuba. Basi waashi wa Salisbury na waashi wa Kilwa walikuwa kazini pamoja, chini ya mwezi mmoja, wasijuane.

Waingereza walijenga kwa kumwogopa jirani wa mji wao wenyewe, na kwa amri ya mfalme iliyopigwa muhuri. Sisi tulikuwa na neno, nalo ni haramu. Leo neno hili limebaki kwetu na maana ya kitu kilichokatazwa, na watoto hulijua kwa habari ya nguruwe na riba. Lakini asili yake ni pana kuliko hiyo, kwani Msikiti wa Makka nao ni Haramu, na kipande cha ardhi kinachokizunguka kisima, ambacho sheria inakataza mtu mwingine kuchimba ndani yake asije akakausha maji ya mwenzake, huitwa kwa Kiarabu harimu. Kitu kikiwa na hishima hupewa nafasi kukizunguka. Na ndugu zetu Wamakonde, ambao wengi wao hata sasa ni majirani wa nyumba kwa nyumba hapa Chikongola, wanalijua jambo hili bila ya Kiarabu: likumbi, mahali wavulana wanapotengwa wakati wa jando, haina jiwe hata moja, ni miti na majani, na hapana mwenye akili zake asiyealikwa atakayethubutu kuikaribia.

Sasa tuvuke Songo Mnara, kisiwa kilicho kusini ya Kilwa Kisiwani, ambako mji ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14 na kuachwa katika karne ya 16, wala haukujengwa tena juu yake mji mwingine. Kwa ajili hiyo msingi wake wote unasomeka. Ndani ya kuta zake imehesabiwa misikiti 5, jumba moja la kifalme, na nyumba za mawe zipatazo 33, zenye vyumba vyembamba virefu, kwa kuwa upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko inayoweza kubeba dari la mawe na chokaa isipinde. Mimi niliyeingia mara ya kwanza nilitazamia kuona katikati ya mji jumba au soko. Niliona uwanja, na katika uwanja huo msikiti mdogo, na makaburi, mengine yamejengewa, mengine ni alama tu za mawe, na kundi moja limezungushiwa kitalu chake peke yake. Yaani ukuta ndani ya ukuta: wa nje unawazunguka walio hai na waliokufa pamoja, na wa ndani unawazunguka wafu wachache ambao mji uliona vema kuwatenga. Nyumba za wakubwa zimepangwa kando kando ya uwanja huo, migongo yao ikielekea nje, na mtu akitoka asubuhi barazani kwake jambo la kwanza alilolikabili ni makaburi ya wazee wake.

Wachimbuzi waliofanya kazi pale tangu mwaka 2009, wakiongozwa na Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, waliupekua uwanja huo kwa subira kubwa, wakakuta juu ya makaburi vijiwe vyeupe vinavyong'aa, vilivyoletwa na kuwekwa kwa mkono, vikionyesha kwamba watu waliyarudia makaburi yale tena na tena baada ya mazishi. Wakakuta pia kwamba si wote waliokaa ndani ya ukuta walikuwa na nyumba za mawe. Zilikuwako nyumba za miti na udongo, ambazo mvua imeziyeyusha na macho ya wasafiri wa zamani hayakuziona. Jambo hili limenigusa kuliko kuba na mihrabu. Tumezoea kufundishwa kwamba mawe yalikuwa ya waungwana na udongo ulikuwa wa watu wa chini, kana kwamba ukuta ulipita katikati yao. Kumbe Songo Mnara uliwafumbata wote, na mwenye nyumba ya udongo alisikia adhana ile ile na kuzikwa akielekea kibla kile kile, ambacho kwa pwani yetu ni kaskazini.

Na ukuta wenyewe? Si mnene, wala hauna minara ya kutisha. Ni wa mawe ya matumbawe yasiyochongwa, yaliyochimbwa katika mwamba wa nchi kavu, ambao zamani za zamani ulikuwa chini ya bahari. Yamepangwa na kushikizwa kwa chokaa na mchanga. Matumbawe laini, yale yanayokatwa baharini yangali mabichi na kuchongwa kabla hayajakauka na kuwa magumu, yaliwekwa akiba kwa mihrabu, kwa miimo ya milango na kwa zidaka. Mtu aliyeona vita akiutazama ukuta huu atasema kwamba adui mwenye ngazi hangechelewa. Gedi nako, karibu na Malindi, ambako James Kirkman alichimba kuanzia mwaka 1948, ukuta wa nje ulikuwa na urefu wa futi 9 hivi na kuzunguka ekari 45, na ndani yake ukawako ukuta mwingine uliouzingira Msikiti Mkuu na jumba na nyumba za wakubwa. Ukuta kama huo huzuia mwizi na mnyama na mgeni wa usiku, na humlazimisha kila ajaye kupita mlangoni, apigwe macho, atoe salamu, aulizwe atokako. Hiyo ndiyo kazi yake. Mji ulilindwa na macho ya mlangoni.

Wasomaji wa mjini, wanaonunua saruji kwa mfuko, huenda wasiwe na picha ya gharama ya chokaa. Tanuri la pwani hupangwa kwa magogo, tabaka juu ya tabaka, katika duara lililopimwa kwa macho ya fundi, kisha matumbawe yaliyovunjwa hupangwa juu yake, na moto huwashwa kwa saa ambayo upepo umetulia. Likishika, huwaka usiku kucha na kuonekana mbali baharini, na asubuhi kinachobaki ni lundo jeupe, ambalo likimwagiwa maji hutoa mvuke na kuanguka kuwa unga. Unga huo hauendi ukutani siku hiyo. Huachwa miezi, mvua ikiuosha chumvi, hata upoe ndani na nje. Kwa hiyo kila pima ya ukuta wa Songo Mnara ni miti iliyokatwa, na mawe yaliyobebwa kichwani, na muda uliongojewa. Na katika wabebaji hao walikuwako bila ya shaka watu wasiokuwa na hiari, ambao hapana kaburi lililozungushwa kwa ajili yao. Tusemapo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, twasema maneno ya watu waliouona moto huo na kuihesabu miti yake.

Ukuta mnene ulio wa vita hasa, ule wa Husuni Ndogo, ng'ambo ya bonde dogo tu kutoka Husuni Kubwa, ni mstatili wenye minara imara katika pembe na katika mbavu zake, nao ndani karibu ni mtupu. Na Neville Chittick, aliyeichimba Kilwa kwa miaka mingi na kutoa kitabu chake kikubwa mwaka 1974, hakupata humo mji wala msikiti wa kutosha unene ule. Napita upesi. Ukuta usiozunguka kitu hauna mengi ya kunieleza.

Kisha ukaja mwaka 1505. Miaka mitatu kabla, Vasco da Gama alikuwa amefika na mizinga na kutoza ushuru kwa vitisho, na mwezi wa Julai mwaka huo Francisco d'Almeida akashuka na watu wake, mji ukatekwa na kutekwa nyara, Amiri Ibrahim akakimbia. Macho ya mlangoni hayana dawa kwa mtu ambaye hakuja kusalimu. Wareno wakajenga ngome ufukoni, wakaiita kwa jina la mtakatifu wao Santiago, wakakaa ndani yake hata mwaka 1512, kisha wakaondoka. Jengo tulionalo leo mahali hapo ni la Waomani wa karibu na mwaka 1800, lililochukua mabaki ya Wareno ndani yake, nalo huitwa Gereza. Wataalamu wa lugha hulirudisha neno hili katika neno la Kireno igreja, na igreja maana yake ni kanisa. Nataka msomaji asimame hapa pamoja nami. Wareno walikuwa wakiiweka sala yao ndani ya boma la askari, kanisa na mizinga chini ya paa moja, na watu wa pwani, ambao kwao ukuta wa msikiti ulikuwa na milango ya kuingilia, walipoulizana kile kijumba kilicho nyuma ya kuta zile chaitwaje, walilichukua jina la nyumba ya ibada wakaifanya nyumba ya kufungia watu. Hapana mwanachuoni aliyekaa akaamua hivyo. Ndivyo walivyoona.

Walakini nisije nikawa mtu wa kuwasifu wetu kwa kuwahukumu wengine. Makutani yenyewe, yale makuta makubwa niliyoanza nayo, kwa sehemu ni ya kale na kwa sehemu ni ya karne ya 18, wakati usultani wa Kilwa ulipoinuka tena. Na ulichoinukia ni biashara ya watu. Mwaka 1776 Mfaransa aliyeitwa Morice alifanya mkataba na Sultani Hasan bin Ibrahim wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe katika visiwa vya Wafaransa kulima. Watu hao walitoka bara, wengi kwa njia ya Ziwa Nyasa na nchi za Wayao, na si wachache walipita huku kwetu kusini. Wao ndio walioyajua makuta kwa upande wa nje. Ninapolisikia jina la Makutani nawasikia na wao, na kwa sababu hiyo siwezi kupita katika uwanja ule nikasema tu kwamba babu zetu walikuwa wajenzi hodari, ingawa walikuwa.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya yale yaliyo hatarini, kwa kuwa bahari ilikuwa ikiila pwani na kuangusha majengo, upande mzima wa Gereza ukiwa umekwisha kwenda majini, na mizizi ya miti ilikuwa ikipasua kuta. Mikoko ikapandwa, mawe yakapangwa ufukoni kuvunja mawimbi, na mafundi wa visiwani wakafundishwa upya kazi ya chokaa. Mwaka 2014 magofu yakaondolewa katika orodha hiyo. Mkoko ule ule uliokatwa kwa boriti na kuchomwa tanurini ndio sasa unaoombwa usimame mbele ya ukuta.

Huku kwetu, kuanzia Mnazi Bay hata mlango wa Ruvuma, bahari imekuwa hifadhi tangu mwaka 2000, na wale waliokuwa wakivunja matumbawe kwa chokaa wamelazimika kutafuta riziki nyingine. Wengi hawakuridhika, na malalamiko yao yalikuwa na haki yake, maana kazi ile ilisomesha watoto. Ujuzi wao wangali nao. Wanajua kuni ipi hutoa moto wa polepole, na chokaa ipi imepoa na ipi yadanganya. Ukuta wa Songo Mnara hauwezi kuzibwa kwa saruji, kwa sababu saruji huikamata chumvi na maji ndani na kuling'oa jiwe la kale. Unataka chokaa ya namna ile ile, iliyoachwa ikanyeshewa, na mkono unaoitambua kwa kuisugua baina ya vidole viwili.